Rotarix, RotaTeq, Rotavac na Rotasiil: tathmini ya chanjo nne za rota kutoka mezani kwa mchanjaji

Wiki chache zilizopita mama mmoja alimleta kliniki mwanawe wa kwanza, mtoto wa kiume wa wiki 6, na nilipokuwa nikifungua kifuniko cha Rotarix alinigusa mkono kwa upole akaniuliza, "Samahani nesi, nimesoma kwenye simu kwamba hii ya matone imetengenezwa kwa virusi vya ng'ombe. Ni kweli?" Nilimjibu kwamba hii niliyoishika imetokana na virusi vya binadamu, kwamba zipo nyingine zilizotokana na ng'ombe, na kwamba hizo nazo zinawalinda watoto. Jibu lilikuwa sahihi, lakini foleni ilikuwa imefika hadi chini ya mwembe wa nje, na nilimwona usoni kwamba amekubali kwa heshima tu, hajaelewa. Haya ninayoandika ndiyo ningemweleza kama tungekuwa na saa nzima ya kukaa pamoja.

Chanjo za rota, virusi vinavyowaharisha watoto, ninazozipima hapa ni nne, na zote zimepata ithibati ya Shirika la Afya Duniani: Rotarix ya GSK, RotaTeq ya Merck, Rotavac ya Bharat Biotech na Rotasiil ya Serum Institute of India. Rotarix nimeitoa kwa mikono yangu tangu ilipoingia katika ratiba ya Tanzania Januari 2013, sambamba na chanjo ya nimonia. Nyingine tatu nimezifahamu kupitia wenzangu wanaozitumia katika nchi nyingine na kupitia majaribio yaliyochapishwa, kwa hiyo msomaji ataona kwamba ninapoisema Rotarix nasema kama mtu aliyeizoea, na ninapozisema nyingine nategemea zaidi takwimu na maneno ya wenzangu.

Kwanza adui mwenyewe. Virusi vya rota viligunduliwa kwa watoto mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, pale Ruth Bishop na wenzake walipochukua vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliokuwa wakiharisha na kuvitazama kwa darubini ya elektroni. Umbo waliloliona lilifanana na gurudumu lenye vijiti, na ndiyo maana vikapewa jina hilo, kwa kuwa rota kwa Kilatini ni gurudumu. Mwaka 2008, kabla chanjo haijaenea katika nchi maskini, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba virusi hivi viliua watoto 453,000 wa chini ya miaka mitano duniani kote, na kufikia mwaka 2013 makadirio yalikuwa yameshuka hadi 215,000. Nani asiyemjua mtoto wa rota katika wodi zetu? Anatapika kwanza, kisha anaharisha maji matupu mara nyingi kwa siku, macho yanazama, utosi unabonyea, na ukiifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole kama kitambaa kilicholowa. Akifika mapema, maji ya chumvi chumvi na vidonge vya zinki humrudisha. Akichelewa, hata dripu huwa tabu kuiweka kwa sababu mishipa yake imekwisha kulala.

Sasa kuhusu jeni, ambazo ndizo zinazozitofautisha chanjo hizi nne. Virusi vingi hubeba maelekezo yao yote katika uzi mmoja. Virusi vya noro, ambavyo navyo ni maarufu kwa kutapisha na kuharisha watu wa rika zote, vina uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 7,500. Virusi viwili vya noro vya aina tofauti vikikutana ndani ya seli moja, kile kimeng'enya kinachonakili uzi kinaweza kuanza kunakili uzi wa kwanza, kikaruka katikati ya kazi na kuendelea kwenye uzi wa pili, kama karani anayenakili barua mbili zilizofunguliwa pamoja mezani na bila kujua akamaliza barua ya kwanza kwa maneno ya ya pili. Mrukio huo hutokea zaidi mahali palepale, kwenye mpaka kati ya sehemu ya jeni inayotengeneza mashine ya kunakilia na sehemu inayotengeneza ganda la nje. Kutokana na hali hiyo, mashine ya zamani inaweza kuvaa ganda jipya, na aina ambayo kinga zetu hazijaizoea ikazuka ghafla.

Rota hufanya jambo linalofanana na hilo kwa njia nyingine, iliyo rahisi zaidi. Jeni zake hazikutungwa kwenye uzi mmoja, bali ni vipande 11 vilivyo mbalimbali, kama shanga 11 zilizotiwa kwenye kifuko bila kutungwa. Mtoto akiambukizwa aina mbili kwa wakati mmoja, na virusi vya aina zote mbili vikaingia katika seli moja ya utumbo wake, seli hiyo hutengeneza shanga za aina zote mbili na kuzirundika pamoja, kisha kila kirusi kipya hukusanya shanga zake 11 kutoka kwenye rundo hilo. Ukihesabu, wazazi wawili wa namna hiyo wanaweza kuzaa michanganyiko 2,048. Mingi haiishi, lakini michache hustawi. Hao wanaostawi ninawaita virusi mseto, kwa kuwa mpishi akichanganya mchele na choroko anapata chakula kimoja, nawe bado unaweza kuziona punje za kila kimoja.

Shanga mbili katika hizo 11 ndizo zinazoshughulikiwa sana na watengenezaji wa chanjo, kwa sababu ndizo zinazotengeneza protini za nje ambazo kinga ya mtoto huziona kwanza. Moja huipa aina herufi G, nyingine herufi P, na ndiyo maana utaona majina kama G1P[8] au G2P[4]. Ng'ombe wana rota zao, nguruwe wana zao, farasi wana zao, na mara nyingine shanga ya mnyama huishia katika kifuko cha rota ya binadamu. Katika Afrika tumeona sana aina za G8, ambazo zina undugu na za ng'ombe, na hilo halimshangazi mtu yeyote aliyekulia katika nyumba ambayo zizi na jiko vimetenganishwa na ukuta mmoja wa udongo.

Rotarix ndiyo ninayoanza nayo, kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa mikono. Hii haina mseto wa ng'ombe hata kidogo. Ilitokana na kirusi kimoja cha G1P[8] kilichochukuliwa kwa mtoto mgonjwa huko Cincinnati, Marekani, katika msimu wa 1988 na 1989, kisha kikaoteshwa na kuhamishwa mara nyingi katika seli za maabara hadi kikapoteza ukali wake. Mexico ndiyo nchi ya kwanza iliyoipa kibali, mwaka 2004. Ni dozi mbili tu, ambazo kwetu hutolewa wiki ya 6 na wiki ya 10, pamoja na penta, nimonia na matone ya polio, na kwa mama anayelipa nauli ya bodaboda kila safari jambo hilo lina uzito wake.

Kama kifaa cha kazi, siwezi kuisifu vya kutosha. Kichupa chake ni laini, kimejazwa kiwandani mililita 1.5, hakuna kuchanganya, hakuna sindano, hakuna kuhesabu matone. Unamlaza mtoto mikononi mwa mama akiwa ameinamishwa kidogo nyuma, unaingiza ncha ya kichupa ndani ya shavu, si juu ya ulimi, na unaminya polepole ukisubiri ameze. Ukiminya kwa haraka atatema, na ukielekeza ncha kooni atapaliwa. Wachanjaji wapya huwa na pupa kwa sababu ya foleni, lakini kazi hii haitaki pupa. Ladha yake ni tamu, na watoto wengi hulamba midomo baada ya kumeza. Mtoto akitema karibu yote, maelekezo ya mtengenezaji yanaruhusu kumpa dozi nyingine papo hapo. Mama hahitaji kuacha kunyonyesha kabla wala baada.

Udhaifu wake ni joto. Inataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi, isigande, na kila kifungashio kina ile alama ya mraba mweupe ndani ya duara la zambarau ambayo huwa inabadilika rangi kadiri joto linavyoila. Mraba ukifanana na duara, chanjo hiyo imekufa. Nimewahi kufanya kazi katika zahanati moja, ambayo sitaitaja, ambapo jokofu lilizimika na kwa muda mrefu hakuna aliyegundua. Nilivitoa vichupa kimoja kimoja na kuvipanga juu ya meza kwenye mwanga wa dirisha, na kila mraba ulikuwa umekolea sawa na duara lake. Nje walikuwa wamekaa kina mama kumi na tisa. Nilitoka nikawaambia warudi wiki ijayo, na kuna watoto katika wale kumi na tisa ambao sikuwaona tena kwenye daftari langu. Nimeitaja siku ile kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha namna ya kuzipima chanjo: siku hizi, kabla sijauliza ndani ya kichupa mna aina ngapi za virusi, ninauliza kama kichupa kitamfikia mtoto kikiwa hai.

Tuje kwenye kinga yenyewe. Katika jaribio kubwa la Amerika ya Kilatini na Finland, lililohusisha watoto wapatao 63,000, Rotarix ilizuia asilimia 85 ya kuharisha kukali kwa rota. Katika jaribio la Afrika Kusini na Malawi, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, ilizuia asilimia 61.2 kwa ujumla, lakini ukizitenganisha nchi unapata asilimia 76.9 Afrika Kusini na 49.4 Malawi. Tofauti hiyo imeulizwa na kila mtaalamu, na jibu si moja: watoto wetu huzaliwa na kingamwili nyingi za mama, yaani protini za kinga zinazoweza kuizima chanjo, maziwa ya mama nayo yamejaa kingamwili, utumbo wao umejaa vijidudu vingine, na baadhi yao hawana zile sukari za juu ya seli ambazo virusi vya P[8] hushikilia ili kuingia. Mtoto asiye na sukari hizo haambukizwi kwa urahisi na P[8], jambo ambalo ni jema kwake, lakini hata chanjo yenye P[8] hushindwa kumshika, huku akibaki wazi kwa P[6], aina ambayo katika Afrika ni ya kawaida kuliko kwingineko. Wanaosema kwa haraka kwamba "chanjo haifanyi kazi Afrika" hawajatazama hesabu nzima. Asilimia 49 ya ugonjwa unaoua watoto wengi ni watoto wengi zaidi kuliko asilimia 85 ya ugonjwa ambao tayari hauui.

RotaTeq ilizaliwa kwa njia ambayo mama yule aliisoma kwenye simu yake. Mwaka 1981 kirusi cha rota kilichukuliwa kwa ndama aliyekuwa akiharisha huko Pennsylvania, kikaitwa WC3. Kirusi hicho cha ng'ombe kikiingia kwa mtoto hujizalisha kwa shida na hakimpi ugonjwa, lakini peke yake hakikutoa kinga ya kutegemewa dhidi ya rota za binadamu. Fred Clark, Paul Offit na Stanley Plotkin wakafanya kwa makusudi kile ambacho maumbile hufanya kwa bahati: waliambukiza seli za maabara kwa rota ya ng'ombe na rota ya binadamu kwa pamoja, wakaviacha virusi vibadilishane shanga, kisha wakavichuja kwa kingamwili ili kubakiza vile virusi vipya vilivyobeba shanga ya nje ya binadamu ndani ya mwili wa ng'ombe. Chanjo ya mwisho ina virusi mseto vitano: vinne vimevaa G1, G2, G3 na G4 za binadamu, na cha tano kimevaa P[8] ya binadamu. Kama kuna kazi ya maabara inayostahili kuheshimiwa na kila mzazi, ni hii, kwa kuwa mbinu ambayo virusi huitumia kutukwepa ndiyo iliyogeuzwa ikawa ngao yetu.

Ilipata kibali Marekani Februari 2006, baada ya jaribio la watoto karibu 70,000. Ukubwa huo ulikuwa na sababu. Chanjo ya kwanza ya mseto, RotaShield, ambayo mwili wake ulitokana na rota ya nyani, ilipewa kibali Agosti 1998 na ikaondolewa sokoni Oktoba 1999 baada ya kuonekana kwamba watoto wachache, takriban mmoja katika 10,000, walipata tatizo la utumbo kujiingiza ndani ya utumbo. Ndiyo maana RotaTeq na Rotarix zilichunguzwa kila moja kwa makumi ya maelfu ya watoto. Kwa Rotarix, uchunguzi uliofanywa katika nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2018, haukuona ongezeko la tatizo hilo baada ya chanjo. Hata hivyo mimi huwaambia kina mama dalili zake bila kuwaficha: mtoto analia kwa vipindi akikunja miguu, anatapika, na choo kinatoka na damu kama ute mwekundu. Mtoto wa namna hiyo hupelekwa hospitali saa hiyohiyo.

RotaTeq inatolewa dozi tatu, na hapo ndipo alama zake zinapoanza kupungua kwa mazingira yetu. Katika jaribio la Ghana, Kenya na Mali ilizuia asilimia 39.3 ya kuharisha kukali kwa karibu miaka miwili ya ufuatiliaji, ingawa katika mwaka wa kwanza wa maisha, ambao ndio wa hatari zaidi, ilifika asilimia 64.2. Rwanda iliianza mwaka 2012 na watoto waliolazwa kwa kuharisha wakapungua sana. Lakini mwaka 2018 Merck ilitangaza kwamba ingesitisha kuipeleka katika nchi nne za Afrika Magharibi zilizokuwa zikiipata kupitia Gavi, shirika linalozisaidia nchi maskini kupata chanjo, na nchi hizo zikalazimika kutafuta nyingine. Chanjo nzuri isiyopatikana kwa uhakika ni tatizo kubwa kwa mpangaji wa ratiba, kwa maana kubadilisha chanjo ni kubadilisha kadi, mafunzo, majokofu na maneno ambayo mchanjaji amezoea kuwaambia wazazi.

Kuhusu Rotavac nitasema kwa ufupi, ingawa historia yake ndiyo inayonivutia kuliko zote. Kati ya mwaka 1985 na 1986, katika wodi ya watoto wachanga huko Delhi, madaktari waliona watoto waliokuwa na rota tumboni bila kuugua, na waliowafuatilia wakaona kwamba watoto hao baadaye hawakupata kuharisha kukali kwa rota. Kirusi chao, 116E, kilikuwa mseto uliojifanya wenyewe bila maabara: shanga kumi za binadamu na moja ya ng'ombe. Kutoka hapo India ikatengeneza chanjo yake, ikaipa kibali mwaka 2014, na katika jaribio la watoto 6,799 ilizuia asilimia 53.6 ya kuharisha kukali, kiwango ambacho kwa nchi zenye mazingira kama yetu ni cha kuridhisha kabisa. Dozi yake ni matone matano tu. Inatolewa mara tatu, na kichupa kimoja hugawanywa kwa watoto kadhaa, kwa hiyo anayeitoa lazima ahesabu matone na aangalie ncha ya kidondoshi isigusane na mdomo wa mtoto. Ile ya awali ilitunzwa kwenye barafu, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na hilo pekee lingeniondolea usingizi, lakini ipo nyingine ya maji inayokaa katika jokofu la kawaida.

Rotasiil ni kinyume cha Rotavac kwa namna inayopendeza: kila kirusi chake kina shanga kumi za ng'ombe na moja ya binadamu. Msingi wake uliwekwa na Albert Kapikian na wenzake katika taasisi za taifa za afya za Marekani, ambao baada ya rota ya nyani waliitumia pia rota ya ng'ombe iliyopatikana Uingereza, na Serum Institute ya Pune ikaikamilisha ikiwa na G1, G2, G3, G4 na G9. Sifa yake kubwa haimo katika jeni, imo katika umbo: imekaushwa ikawa poda, na poda hiyo inavumilia joto la nyuzi 37 kwa miaka miwili. Jaribio lake la Niger, nchi ambayo joto lake halina haja ya kuelezwa, lilichapishwa mwaka 2017 na kuonyesha kwamba ilizuia asilimia 66.7 ya kuharisha kukali. Nilipoisoma namba hiyo nilikumbuka ile meza yangu chini ya dirisha, na wale kina mama kumi na tisa.

Gharama yake ipo kwenye mikono. Mwenzangu aliyeitoa kwa miezi kadhaa anasema kwamba kabla ya kila mtoto lazima uunganishe kichupa cha poda na maji yake maalumu, uvute, utikise, uhakikishe hakuna bonge, na uitumie kabla muda haujapita, kwa hiyo foleni ya watoto arobaini inakuwa kazi ya siku nzima. Ujazo nao ni mililita 2.5, ambazo kwa mdomo wa mtoto wa wiki 6 ni nyingi na hutemwa mara kwa mara. Kwa hiyo mahali ambapo jokofu ni la uhakika, sioni sababu ya kujitwisha kazi hiyo. Mahali ambapo chanjo inasafirishwa kwa punda au kwa mtumbwi, ningeichukua Rotasiil bila kusita.

Watu wengi hunipinga hapo kwa kusema, "Lakini Rotarix ina aina moja, na RotaTeq na Rotasiil zina tano, na tano ni zaidi ya moja." Nimeisikia hoja hiyo hata kwa wafamasia, na naipinga kwa moyo wote. Kinga dhidi ya rota haitegemei ganda la nje pekee, na mtoto aliyechanjwa kwa G1P[8] hupata ulinzi mkubwa dhidi ya aina nyingine pia. Zaidi ya hapo, virusi hivi haviachi kubadilishana shanga ili kutusubiri. Malawi ilianza kutoa Rotarix mwaka 2012, na mwaka uliofuata wakaonekana huko virusi vya G1P[8] ambavyo kwa nje vilikuwa vile vile vya siku zote, lakini shanga za ndani zilikuwa zimetoka katika ukoo mwingine kabisa, ule ambao kwa kawaida huvaa G2P[4]. Katika miaka hiyohiyo, Asia na Australia ziliona G3 iliyofanana na ya farasi ikiwa imeingia katika ukoo huohuo. Anayenunua chanjo kwa kuhesabu aina anakimbizana na kitu kitakachombadilikia akiwa bado anahesabu, na ndiyo maana nchi zenye chanjo zinahitaji maabara zinazoendelea kusoma jeni za virusi kutoka kwenye vinyesi vya watoto wanaolazwa, mwaka hadi mwaka, hata pale wodi zinapoanza kuwa tupu.

Kuna jambo ambalo wasomaji wa pwani wataniuliza nisipolisema. Mwaka 2010 vipande vya DNA ya kirusi cha nguruwe kisichougulisha binadamu, PCV1, viligunduliwa katika Rotarix, na baadaye mabaki ya namna hiyo yakaonekana pia katika RotaTeq. Chanzo kilidhaniwa kuwa kimeng'enya cha nguruwe kinachotumika katika kuotesha seli. Marekani ilisimamisha Rotarix Machi mwaka huo na kuirudisha Mei baada ya wataalamu kuridhika kwamba haikumdhuru mtoto yeyote. Mzazi mwenye wasiwasi wa dini ana haki ya kuambiwa hili waziwazi na kulipeleka kwa shehe wake, na mchanjaji anayelificha kwa kuogopa maswali atapoteza imani ya mtaa mzima siku litakapojulikana kwa njia nyingine.

Kwa hiyo, nikiombwa kupanga: kwa kliniki yenye umeme na jokofu linalosimamiwa, Rotarix ni ya kwanza, kwa sababu ya dozi mbili na kichupa kisichohitaji maandalizi. Kwa maeneo ya mbali yasiyo na baridi ya uhakika, Rotasiil ya poda. Rotavac ni chaguo la heshima kwa nchi inayotafuta akiba ya nafasi katika jokofu, kwani matone matano hayali nafasi. RotaTeq ni kazi ya sayansi iliyotukuka, na katika nchi ambako inapatikana bila kukatika, mzazi asisite hata kidogo.

Yule mama alirudi na mwanawe wiki ya 10, na safari hii foleni ilikuwa fupi. Nilimweleza habari ya shanga, akauliza swali ambalo hata baadhi ya wenzangu hawajawahi kuniuliza: "Sasa nesi, hivyo virusi vya chanjo vikiwa tumboni mwake, haviwezi kubadilishana hizo shanga huko ndani?" Nilimwambia kwamba vinaweza, na kwamba limewahi kutokea Marekani kwa RotaTeq, ambapo virusi viwili kati ya vile vitano vilikutana kwa mtoto aliyechanjwa, vikazaa G1P[8] yenye mwili wa ng'ombe, na hiyo ikamharisha kaka yake aliyekuwa hajachanjwa. Matukio ya namna hiyo ni nadra, na Rotarix haina virusi vya aina mbili vya kubadilishana vyenyewe kwa vyenyewe, lakini nayo hutoka katika choo cha mtoto kwa siku kadhaa baada ya dozi. Nikamwonyesha ndoo ya bomba na kipande cha sabuni pale mlangoni, nikamwomba kwamba kwa wiki mbili zijazo, kila anapombadilisha nepi, anawe mikono kabla hajamshika mtoto mwingine au kuingia jikoni, na kwamba bibi wa mtoto, ambaye ndiye anayefua nepi hizo, naye aambiwe vivyo hivyo. Aliandika kwenye simu yake, akanisomea alichoandika ili nihakikishe, na kilikuwa sawa.